Nilivyounganisha LAN ya Katonga na ya Kigoma mjini kwa VPN, mgonjwa akiwa kitandani

Wakuu, habari za mihangaiko. Hili nimelishuhudia kwa macho yangu, chumvi sitii.

Mimi ni fundi wa network hapa Kigoma. Kuna kliniki ina matawi mawili, mjini na Katonga. Mashine ya ultrasound iko Katonga, daktari wa kusoma picha yuko mjini.

Mashine yenyewe ya zamani, inatuma picha kwa kompyuta ya LAN yake tu, yaani mtandao wa ndani ya jengo. Kwa hiyo Sista Evelina, msimamizi wa Katonga, alikuwa anapiga picha kioo kwa simu. Daktari anaona ukungu, mgonjwa anapakiwa boda kwenda mjini.

Nikawaambia hii kazi ndogo.

VPN ya routing, ile njia ya faragha kupitia internet, isingetosha, maana mashine inatafuta kompyuta kwa broadcast, yaani kwa kuita vifaa vyote vya LAN, na broadcast haivuki router. Nikafunga VPN ya layer 2, nikai-bridge na LAN pande zote. Yaani matawi mawili yawe kama yamechomekwa kwenye switch moja.

Nikawasha nikiwa Katonga. Ikashika. Nikatabasamu kama bwana harusi.

Mara Sista huyo mlangoni. "Fundi, umetufanyia nini? Internet imekufa! Na nina mama hapa, mimba kubwa, anatoka damu!"

Ila tatizo nililijua: router zote mbili zilikuwa na anwani (IP) moja, 192.168.1.1, na zote zinagawa IP kwa vifaa, ndiyo DHCP. Majogoo wawili banda moja.

"Sista, mpime. Picha itafika."

Nikabadili IP ya router ya Katonga, nikazuia DHCP isivuke bridge. Jasho linatiririka.

Picha ikaenda. Safi kabisa.

Daktari akapiga simu hapo hapo: "Kondo la nyuma limeziba njia. Asipande boda! Msimpime kwa mkono. Naleta gari, hospitali wanaandaa theatre."

Akafanyiwa upasuaji. Mama mzima, mtoto wa kike mzima.

Baadaye mumewe, mvuvi mwenye asili ya Kongo, akanifuata. "Ni wewe fundi wa mashini? Aksanti sana, papa." Papa kwao ni baba. Akanishika mkono, hakuuachia haraka.

Funzo: kabla ya ku-bridge, tenganisha IP za router na uzuie DHCP. Na usijaribie kwenye kliniki iliyo wazi kama mimi.

Wazoefu wa layer 2, nyie mngefanyaje? Karibuni mnikosoe.