Shangazi Aliyeombea Askofu Mpya

Shangazi yangu ndiye anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare kanisani kwetu, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Ukipita mbele yake na shati limekunjamana, anakuangalia kama umekuja misa na taulo. Maji ya kwanza ya vile vitambaa vya kufutia kikombe cha misa hayamwagi mtaroni, maana yamegusa Damu ya Bwana. Anayabeba kwa beseni mpaka kwenye maua nyuma ya sakristia, kile chumba cha mavazi ya misa, taratibu, na ole wako umsimamishe njiani. "Nimebeba kitu, huoni?"

Mtoto wake ni mmoja tu, binamu yangu, padri. Aliingia seminari hata ndevu hajui, na tangu hapo Shangazi amemlea kwa likizo. Alipopata upadri akapelekwa parokia ya mwisho kabisa ya jimbo, kule ambako mtandao unaupata ukipanda juu ya tangi la maji. Mume wa Shangazi alipofariki, akabaki na nyumba, redio na mimi, na mimi mwenyewe natokea nikisikia harufu ya jikoni.

Halafu askofu mzee akamwahidi: mwanao namrudisha, atakuwa paroko hapa hapa. Shangazi akapaka chumba rangi, akashona mapazia. Askofu akafariki kabla hajasaini chochote.

Padri aliyeachiwa kushikilia jimbo hakumzungusha. "Mama, mimi hapa ni mlinzi tu. Maparoko siwezi kuwahamisha. Tusubiri askofu mpya."

Basi Shangazi akaona Roma inachelewa kwa sababu sisi hatuombi ipasavyo. Akakusanya wanawake wa jumuiya, kila jioni rozari, nia moja tu: tupewe askofu.

"Shangazi," nikamtania, "unamsumbua Roho Mtakatifu kama fundi aliyekula hela za watu."

"Nyamaza wewe. Salamu Maria yenyewe unaimeza nusu."

Miezi ikaenda hivyo. Siku moja binamu akaja bila taarifa. Akala kidogo, akachezea kijiko. Shangazi akamvuta mpaka chumbani.

"Ona kitanda. Hiki miguu haitoki nje."

Binamu akaishia mlangoni. "Mama, usinunue kitu kingine."

"Kwa nini? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umechoka upadri?"

"Hapana, Mama."

"Basi sema!"

"Siwezi kusema."

Alipoondoka Shangazi alinuna wiki nzima. Mtoto amekuwa jeuri, mtoto ana siri. Na kweli alikuwa nayo. Aliyeteuliwa haruhusiwi kumwambia mtu, hata aliyemzaa, mpaka Roma itangaze. Sisi tungejuaje?

Tangazo likatoka mchana. Shangazi alikuwa sakristia akipiga pasi, nami nimekuja kuchaji simu, kwetu umeme umekatika. Kengele zikaanza kulia, simu nayo ikatetemeka mpaka ikataka kuanguka.

"Shangazi, tumepata askofu!"

"Asifiwe Bwana! Nani?"

Nikamsomea. Maaskofu wapya ni wawili. Wetu ni mgeni, hatumjui. Wa pili amepewa jimbo la mpakani, upande mwingine kabisa wa nchi, na jina lake ni la binamu.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Shangazi akachomoa pasi kwanza, akaisimamisha vizuri, ndiyo akakaa.

Grupu la familia likalipuka. Mjomba ambaye hata msibani hakuja akaandika, "Damu yetu hiyo!" Mwingine akauliza gari la askofu ni la aina gani. Wanawake wa jumuiya wakaingia sakristia na vigelegele.

"Mama Askofu! Sala zako zimejibiwa!"

"Zimejibiwa," akasema, akawapa mkono mmoja mmoja.

Walipotoka akanigeukia. "Padri anahamishwa, ipo siku anarudi. Askofu wa kule ni wa kule mpaka azeeke. Nimempeleka mwenyewe."

"Acha hizo, Shangazi. Roma ina mambo yake, haikusubiri rozari ya mtaa wetu."

"Kwa hiyo jioni zote zile tulikuwa tunafanya nini?"

Mimi ninayejibu kila mtu mtandaoni, nikairudisha simu kwenye chaji.

Binamu alipopewa uaskofu kule jimboni kwake, tulisafiri na basi la kukodi. Shangazi alikaa kiti cha mbele uwanjani, kadi ya "Mzazi" kifuani, mgongo wima misa nzima. Baadaye watu wakapanga foleni kumpongeza askofu mpya na kubusu pete yake. Wakamwita Shangazi apite mbele, akakataa, akapanga foleni kama wengine. Nami nikakaa nyuma yake.

Zamu yake ilipofika akataka kupiga magoti. Binamu akamdaka kwenye viwiko.

"Mama, nisamehe. Nilijua, na sikuruhusiwa kukwambia."

"Nikusamehe nini? Askofu nilimwomba mimi." Akamnyoosha kola, ambayo haikuwa na kosa lolote. "Wanakupikia lakini?"

"Wananipikia."

"Wanajua kwamba pilipili inakuumiza tumbo?"

Macho ya binamu yakajaa machozi.

"Usilie hapa," Shangazi akamnong'oneza. "Simama vizuri. Watu wako wanakuangalia."

Kijana wa itifaki akamgusa bega kwa heshima. "Mama, samahani. Foleni ni ndefu."

"Nimeshamaliza, mwanangu," akasema, akasogea pembeni kumpisha mtu wa nyuma. Mtu wa nyuma nilikuwa mimi, na nikashindwa kwenda kubusu pete, nikamfuata yeye pembeni.