Mtama wa Mwisho na Lori la Kampuni

Mwaka ambao kijiji chetu kizima, karibu na Iguguno, kilipanda alizeti kikaacha mtama, nilikuwa na miaka kumi na moja. Shida yangu ilianza hapo. Ukiniuliza mwaka ule ulinukaje, nitakwambia ulinuka kimea: mtama ulioloweshwa ukachipua, ukaanikwa uani, harufu tamu yenye uchachu kidogo inayomfanya mwenye njaa ameze mate. Ulikuwa mtama wetu wa mwisho, na mama hakuusaga uwe unga. Aliupika pombe. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hiyo usitegemee nipambe maneno. Nitasema yalivyokuwa.

Kampuni ya mafuta ilikuwa imejenga kiwanda Singida mjini. Msimu wa kwanza lori lao lilileta mbegu, likarudi wakati wa mavuno likachukua kila gunia, wakalipa palepale barabarani. Baba alikuwa amejaribu kipande kidogo tu, lakini aliezeka nyumba bati. Bati lile lilifanya kazi ambayo bwana shamba alishindwa kuifanya kwa maneno. Watu walikuwa wanapita njia ya kwetu makusudi walione likimeta. Mzee Msengi, jirani yetu wa upande wa juu, ndiye peke yake aliyekuwa anacheka. "Baba Tabitha," alimwambia baba siku moja mbele yangu mimi Tabitha, "hayo maua utayasonga ugali?" Baba akamjibu, "Wewe lala chini ya nyasi zako, panya wakukojolee." Wakacheka wote wawili. Mvua zilizofuata, Mzee Msengi alipanda alizeti mpaka mlangoni kwake. Mkewe akitoka nje ilibidi apanguse unga wa maua begani.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si baba, si Msengi, si mwenyekiti wa kijiji. Kwetu shamba kubwa halikuwa linavunwa na nyumba moja. Ulipika pombe ya mtama, ukapeleka habari kwa majirani, siku ikifika wakaja na mapanga yao alfajiri, wakafanya kazi mpaka jua linapochoma, kisha wakakaa kunywa. Mwenye pombe alikuwa na watu. Asiye na pombe alibaki na mikono yake na ya watoto wake. Sasa alizeti imekomaa kijiji kizima, vichwa vimeinama, ndege wanashuka makundi kwa makundi, na kila nyumba inasubiri jirani apike. Apike nini? Mtama haukupandwa. Hapo akapita karani wa kampuni, kijana wa mjini mwenye pikipiki, akatangaza kwamba lori litapita mara moja tu, Jumatatu ya wiki ya tatu kutoka siku ile, na gunia ambalo halijafika barabarani ni shauri la mwenyewe.

Kwetu kulikuwa na mtama kidogo chini kabisa ndani ya kihenge, salio la mavuno ya nyuma. Mama alikuwa anaupima kwa bakuli la bati, asubuhi uji, jioni ugali mdogo na mlenda, ili utufikishe siku ya kuuza alizeti na kununua mahindi. Baba alirudi kutoka shambani akasimama mlangoni. "Pika," alisema. Mama hakuinua kichwa. "Na wanao watakula bati?" Baba akasema lori likija watakula mahindi ya dukani, na chai ya sukari juu yake. "Na lisipokuja?" Baba akasema, "Mwaka jana lilikuja." Mama hakuwa na njia nyingine, maana alizeti ikibaki shambani tungekosa vyote. Akaingia ndani ya kihenge mwenyewe na ufagio. Nilimsikia anafagia kule chini, kha, kha, kha, mpaka udongo.

Siku ya kazi walikuja wengi, hata wenye mashamba yao hayajaguswa, kwa sababu ilikuwa pombe pekee kijijini. Mzee Msengi alitangulia wote. "Shemeji," alimwambia mama, "nimeisikia harufu nikiwa usingizini, nikadhani nimekufa nimeingia peponi." Mama akamwambia, "Peponi hawakupokei bila panga, Msengi, kata alizeti." Watu walikata vichwa, wakavitandaza, wakavipiga kwa fimbo huku wakiimba, wanawake wakapepeta, na sisi watoto tukashika midomo ya magunia. Kabla ya Jumatatu magunia yetu yalikuwa yameshonwa, yamepangwa kando ya barabara kama ukuta. Baba aliyazunguka kila saa akiyapigapiga kwa kiganja, kama mtu anayekagua ng'ombe wake.

Lori lilikuja mchana, likitokea upande wa Kiomboi. Tulisimama wote. Lilikuwa limejaa mpaka juu ya vyuma, limefungwa kamba. Lilipiga honi likapita, na vumbi lake likatua juu ya magunia yetu. Jioni karani akaja. Akasema kiwanda kimejaa, mkoa mzima umelima alizeti, wanasubiri mashine imeze iliyopo. "Mvumilie tu." Mama akamuuliza, "Tuvumilie tukila nini, mwanangu?" Yule kijana akatazama pikipiki yake. "Shikamoo mama," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Akapiga kiki, akaenda zake.

Njaa ya mwaka ule sitaki mtu aniambie kwamba anaijua. Tulikuwa na alizeti, yaani chakula cha ng'ombe na mafuta ya watu wengine, magunia kwa magunia ndani ya nyumba, na tumbo tupu. Tulikaanga mbegu tukazitafuna na maganda yake mpaka ndimi zikachubuka. Mdogo wangu aliharisha damu, akapona kwa kuwa Mungu hakutaka aende. Baba akapanda juu ya nyumba akang'oa bati, moja baada ya jingine, akabadilisha kwa mahindi Iguguno. Mahindi yakaisha, na lori halijarudi. Ndipo akaenda mjini kutafuta kibarua, na kibarua alichopata ni cha kupakua magunia kwenye ghala la kiwanda kilekile. Alipanga chumba Unyambwa, hukohuko mjini. Nilitolewa shule nikamfuata, nimpikie na nipepete alizeti getini kwa kampuni. Hakurudi tena kulima. Vumbi la ghala lilimkaa kifuani, akakohoa miaka sita, akafa. Tukamzika hukohuko, kwa sababu gari la kumrudisha kwao hatukuwa nalo.

Usinielewe vibaya, sizilaani kampuni. Ile ilifunga, ikaja nyingine, ikaja nyingine tena. Zimetuletea maduka, umeme, na madumu ya mafuta yaliyopangwa kando ya lami kutoka Iguguno mpaka Mkiwa. Watoto wa wakulima wamekuwa madereva na mafundi. Lakini nilipokuwa pale getini na ungo nilitazama nani anamsubiri nani, nikaona mwenye mashine hamsubiri mtu. Ile ndiyo shule yangu. Nilipepeta, nikauza mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa, kwa wafugaji, nikanunua mashine kuukuu kwa mtu aliyeshindwa, nikaifufua. Hakuna mume wala serikali iliyonishika mkono.

Leo nina mashine mbili za kukamua. Nina ghala la matofali ya kuchoma. Nina lori moja zima na moja bovu. Nina ekari ishirini za alizeti na tano za mtama, ng'ombe kumi na wanne, nyumba ya bati jekundu, na watoto watatu walionipita shule. Vibarua ninao kila mavuno, jioni nawalipa mkononi. Mwaka jana nilipika pombe mitungi minne, nikapeleka habari kwa majirani kama alivyofanya mama. Walikuja jua likizama, wametoka kwenye vibarua vyao, wakauliza kopo ni shilingi ngapi. Jirani wa kuja shambani kwangu nikimwita, sina.