Sista Saa na Skrubu ya Kumi

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mkunga, na kila mtoto alipotoka, kabla hata hajalia vizuri, mkunga huyu alikuwa ameshainua mkono wenye saa na kutangaza dakika kamili kama mtangazaji wa redio. Basi wakamwita Sista Saa, na jina hilo akastaafu nalo.

Kazini aliandika kwenye daftari la hospitali kama wenzake. Lakini alikuwa na madaftari mengine, ya kwake mwenyewe, aliyoyajaza baada ya zamu, viatu kavua, chai iko pembeni. Humo aliandika yale ambayo daftari la hospitali halikuwa na nafasi nayo: nani alicheka, nani alimtukana mumewe, nani aliomba radhi kwa kupiga kelele. Alipostaafu, mkwewe akampa kompyuta yake kuukuu, naye akajifunga kibwebwe, akayachapa yote kwa vidole viwili. Ilimchukua miaka mitatu. Na afadhali alifanya hivyo, maana mvua ya mwaka uliofuata ilipenya dari la stoo ikayageuza madaftari kuwa uji wa bluu.

Sasa, hiyo kompyuta. Jamani! Ukiiwasha, ungeweza kwenda kuoga, ukachana nywele, ukarudi ukaikuta bado inajifikiria. Mumewe, mwashi mstaafu mwenye ulimi wa kuchoma, hakuisha kumchokoza.

"Mke wangu, hiyo si kompyuta, ni pasi ya mkaa. Nunua nyingine."

"Wewe una goti bovu mwaka wa kumi huu," alimjibu. "Mbona sijatafuta mume mwingine?"

Jumatatu moja asubuhi akaja mwoka keki wa mtaa wa pili, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, ana mimba ya miezi minane. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakunjakunja leso yake.

"Sista, wewe ndiye uliyenipokea mimi. Mama yangu alikufa siku hiyohiyo. Shangazi aliyenilea aliniambia alikufa kabla hajaniona. Nimekua hivyo, nikalizoea. Lakini sasa zamu imefika kwangu, na nikilala sifikirii kitu kingine. Nasikia uliandika kila kitu. Nataka kujua tu: aliniona?"

Sista Saa alijaribu kukumbuka, akashindwa. Watoto walikuwa maelfu. Neno "ndiyo" lilikuwa pale pale ulimini, tamu na rahisi, na wengi wetu tungelitoa tu yaishe. Yeye alilimeza. Akaiwasha kompyuta.

Ilichukua dakika kumi na mbili kuamka. Feni ikaunguruma, chini pakawa moto hapagusiki, na faili ilipokaribia kufunguka, pap! Ikazimika. Akaiacha ipoe, akajaribu tena. Pap! Hapo ndipo jasho lilipomtoka, kwa sababu yale maandishi hayakuwa mahali pengine popote. Hakuwa na nakala hata moja. Yeye, aliyekuwa akiwafokea wajawazito kwa kusahau kadi nyumbani!

"Njoo kesho jioni," alimwambia mwoka keki. "Nikisoma nitakwambia. Nisiposoma, nitakwambia sijasoma. Sitatunga."

Fundi wa pale kona alisema aachiwe wiki mbili, tena huenda akalazimika kufuta vyote aanze upya. "Afute? Labda anifute mimi," alisema Sista Saa, akaichukua kompyuta yake kwapani. Siku ile alishinda na simu, miwani puani, akisoma namna ya kuifungua mashine kama yake na kuandika hatua mojamoja kwa kalamu, kwa mwandiko uleule wa wodini.

Jumanne, vyombo vya chai vilipotolewa, alitandika kitambaa safi mezani. Akanawa mikono, akaikausha sana, kisha akashika bomba la chuma ili umeme wa mwilini umtoke usiidhuru mashine. Akachomoa waya, akatoa betri. Kwenye karatasi alichora mgongo wa kompyuta, na kila skrubu aliyoifungua akaibandika kwa plasta mahali pake pa kweli, maana fupi na ndefu hazibadilishani.

"Kumi," alisema kwa sauti. Mumewe, aliyepewa kazi ya kushika tochi, akaitikia, "Kumi, Sista."

Alipofunua, loo! Vumbi lilikuwa limefunga matundu ya hewa kama blanketi. "Na wewe ulikuwa unapumulia wapi, mwenzangu?" aliiuliza. Akaizuia feni kwa kidole isizunguke, akaipiga brashi laini taratibu, akavuta lile blanketi kwa kibano kipande kwa kipande. Hakuwa na haraka hata chembe. Mumewe alimtazama, akaona kitu ambacho kwa miaka yote ile alikuwa akikisikia kwa watu tu: mkewe akiwa kazini.

Wakati wa kufunga, akahesabu alizokwisha kukaza. Tisa. Plasta ya kumi ilikuwa tupu.

"Tisa zinatosha," mumewe akasema. "Mimi nimejenga nyumba nzima nikabakiza misumari."

"Ndiyo maana stoo inavuja. Sijawahi kumshona mtu wodini bila kuhesabu vifaa, sianzi leo."

Wakatafuta chini ya meza, kwenye mkeka, hadi mfukoni mwa shati la mzee. Hakuna. Sista Saa akapiga moyo konde, akafungua zote tisa upya. Ilikuwa humohumo, imedondoka kwenye plasta ikalala katikati ya nyaya, inang'aa. Angewasha umeme na ile skrubu pale, ingeunguza kila kitu, na miaka yake mitatu ya vidole viwili. Mumewe akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha chai, akakiweka mbali na kompyuta.

Sasa ilipowashwa haikuchemka, haikuzimika. Lakini ilitambaa. Akafungua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, akaipitia kwa kidole, na katikati akakuta programu za kuzuia virusi. Si moja, tatu! Moja aliiweka yeye, ya pili mpwa wake, ya tatu aliiweka alipotishwa na tangazo jekundu la virusi kwenye kioo. Zote macho, zinakagua kila faili mara tatu na kuchunguzana zenyewe kwa zenyewe. Akajipiga paji la uso.

"Dawa tatu za homa moja! Angefanya hivi mwanafunzi wangu, ningemtoa wodini."

Akaziondoa mbili, akazima na nyingine zilizoamka bila kazi, akaiwasha upya. Dakika moja na nusu. Mumewe akapiga makofi, goti bovu na yote.

Mwoka keki aliingia wakati huohuo, jioni kama walivyoagana, uso umesawijika kwa kukosa usingizi.

"Imepona? Fungua basi, Sista."

"Kwanza nakala," alisema, akachomeka flashi. Wakakaa wote watatu wakiutazama mstari ukijaa polepole, na mwoka keki akashika tumbo lake kwa mikono miwili. Ulipojaa, Sista Saa akafungua faili, akaandika jina la yule marehemu, akasubiri. Kisha akasogeza miwani, na sauti yake ikawa ile ya kazini.

"Saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri. Msichana. Kilo mbili na nusu. Mama anatoka damu sana, daktari ameitwa. Amempakata mwenyewe, amekataa kumwachia. Amenionyesha masikio ya mtoto, anasema haya ni ya baba yake kabisa, anacheka. Amefariki saa kumi na moja na nusu, mtoto akiwa kifuani."

Mwoka keki aliinua mikono polepole, akajishika masikio yote mawili.

"Aliniona," alisema.

"Alikuona, mwanangu. Tena alikukagua."

Alilia huku akicheka, na mzee akageukia ukutani akijifanya anaizima tochi. Alipoweza kusema, mwoka keki alivuta kiti chake karibu na kompyuta.

"Soma tena," alisema. "Pale pa masikio."