Kura ya Lyle

Tarbell, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, ina wapiga kura thelathini na wanane, na wifi yangu Odette Pelletier anawajua wote hadi majina ya mbwa wao. Kwa miaka ishirini na nne ndiye aliyemtafutia Seneta Crandall kura hapa, akiwabeba watu kwenye gari lake la viazi. Kila uchaguzi seneta alipata kura zetu zote, kasoro moja.

Hiyo moja ilikuwa ya jirani wa Odette, Lyle Haskell, ambaye hakumsamehe seneta tangu alipoiacha treni ya viazi iondolewe, wala hakuficha. Sasa Crandall alikuwa anatetea kiti kwa mara ya mwisho, na Odette alitaka kitu kimoja tu: kumpelekea kura zote.

Wiki ya uchaguzi Lyle akateguka mguu wa kukanyagia klachi, asiweze kuendesha gari. Kura ya posta aliikataa. Karatasi yake huitumbukiza kwa mkono wake, basi.

Kufika saa kumi jioni wenzake wote walikuwa wameshapiga kura. Nilikuwa nawapakulia wapiga kura maharagwe kwenye ukumbi wa uchaguzi nilipomwona Odette akichukua funguo.

“Wapi tena?”

“Kumchukua Lyle.”

“Una wazimu? Kaa kimya tu, wifi. Masaa manne yamebaki, kura zote ni zako.”

“Angekuwa wa upande wetu ningemfuata?”

“Ungemfuata.”

“Basi niachie njia.”

Nilikasirika, nakiri. Baadaye Lyle akaingia amemwegemea Odette begani, theluji kwenye kofia.

“Usidhani nitakuonea haya,” akamwambia.

“Ukinionea haya utarudi kwa miguu. Piga kura yako, ule, nikurudishe.”

Zikahesabiwa mbele yetu sote: thelathini na saba, na moja. Jimbo zima Crandall alishinda vizuri.

Asubuhi yake seneta akapiga simu dukani kwa Odette, kama kawaida yake, nasi tukasogea karibu tusikie.

“Haya, Odette, safari hii umenipatia zote?”

“Kasoro moja, seneta.”

“Lyle?”

“Lyle. Mguu mbovu, theluji imejaa njiani. Nilimleta mwenyewe.”

“Hebu sema tena,” seneta akasema.

Odette akanyoosha mgongo, akatutazama duka zima, akasema tena kwa sauti kubwa zaidi.