Siku Tulipoinyeshea Nyumba ya Verna

Kabla hujamcheka Verna Kubicek, jua kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mimi Orrin, fundi wa mapaa kwa miaka thelathini na minne. Nililinunua gari-nyumba langu la kwanza hapa hapa jangwani, mwezi wa Februari, kila kitu kikavu mpaka midomo inapasuka. Mei nikafika nalo Minnesota. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, na siku ya tatu kipande cha dari kikaniangukia kwenye supu. Tangu hapo nikaweka sheria, na majirani wakaifuata kwa sababu nikikasirika nina kelele: kwetu mtu hanunui gari-nyumba mpaka linyeshewe.

Kwetu ni kwenye changarawe nje kidogo ya Quartzsite, Arizona. Kila baridi ikianza kaskazini tunateremka huku, wazee kwa wazee, kila mtu na nyumba yake: mbele usukani, katikati jiko, nyuma kitanda. Wengi wetu hatuna nyumba nyingine. Maji tunayafuata mjini kwa madumu, na tunayalipia. Kwa hiyo ukisikia tunamwaga galoni sitini juu ya gari la mtu, elewa kwamba watu wamekubali kukaa siku mbili bila kuoga.

Verna alifika Januari na kigari kidogo na hema. Alikuwa amestaafu udereva wa basi la shule huko Nebraska, miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kumgongesha mtoto hata mmoja. Hilo alikuambia kabla hajakuambia jina lake. Mume aliondoka zamani, nyumba ikauzwa, akabaki na dola elfu ishirini na sita. Binti yake wa pekee, Tess, anaishi pwani ya Oregon, na alikuwa na mimba ya kwanza, ya kujifungua Mei. Alikuwa amemwambia mama yake, "Mama, njoo. Chumba hakuna, ila ua upo."

Basi Verna alitaka nyumba ya kuegesha kwenye ua ule. Moja tu, kwa sababu fedha za kununua ya pili hakuwa nazo.

Siku yake ya tatu, Garland Sather akabandika kibao kwenye kioo cha gari-nyumba lake: INAUZWA, 22,000. Garland ni mjane kutoka jimbo la Washington, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Alisema anauza kwa sababu hawezi tena kulala humo peke yake. Kabla sijamaliza kahawa yangu, Verna ameshafungua boneti. Akasikiliza injini ikiunguruma, akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akalala chini kwenye changarawe akaingia uvunguni, zikabaki soksi tu nje. Alipotoka alikuwa anang'aa uso.

"Injini hii itanizika," akasema. "Nasaini leo."

"Paani umepanda?" nikamuuliza.

"La nini? Kwani nitaendeshea paani?"

"Bibi wee, hilo si basi. Utalala humo."

"Orrin, mimi magari nayajua."

"Na mimi mapaa nayajua! Umekagua gari. Nyumba bado hujaikagua. Nyumba njema si mlango."

Akanitazama kama vile alivyokuwa akiwatazama watoto wa viti vya nyuma. Nikamweleza sheria yetu. Gari limetoka Washington, kunakonyesha miezi minane, likaletwa jangwani kusikonyesha kabisa, na yeye anataka kulipeleka Oregon, kunakonyesha zaidi. Hapa hata kikapu kingeonekana hakivuji.

"Siwezi kuwanyima watu maji ya kuoga," akasema. "Sijawajua hata majina."

"Tukinuka, tutanuka wote. Ukinunua bovu utanuka peke yako."

Garland hakukasirika. Alisema tu, "Halivuji. Nimekaa nalo miaka kumi na mmoja."

"Basi mvua haitakudhuru," nikamjibu.

Kesho yake saa nne asubuhi majirani wakaja na madumu. Twyla, jirani yangu mwenye pampu, alileta pampu na ulimi wake pia. Alimwambia Verna, "Mama, umetupata siku niliyopanga kuosha nywele. Ukilikataa gari hili, nywele zangu utazilipa wewe." Verna tukamtia ndani na tochi, akabandika karatasi za jikoni kwenye kila pembe ya dari ili tone likipita tulione. Mimi nikapanda ngazi na mpira wa maji. Nina miaka sabini na mitatu, na magoti yangu yaliongea njia nzima.

Nikamwaga mbele, hakuna kitu. Nikamwaga kwenye madirisha ya paani, ambako ndiko kwa kawaida kuna kasoro, hakuna kitu. Nusu saa ikapita. Verna akatoa kichwa mlangoni akapiga kelele, "Kavu! Mzee wa mapaa, shuka ukaoge, kama maji yamebaki!" Watu wakacheka. Na mimi, sitaki kukuficha, niliona aibu, na aibu kwangu hutoka kama hasira.

"Yamebaki madumu mawili," nikasema. "Yamalizeni."

"Hilo moja ni la kahawa yangu!" Twyla akasema.

"Twyla!"

Akalimimina kwenye pampu. Nikaelekeza mpira kwenye pembe ya nyuma, upande wa kulia, pale paa linapokutana na ukuta. Nikahesabu mia mbili. Halafu nikasikia sauti, si ile ya mwanzo.

"Orrin. Njoo."

Karatasi ya juu ya kitanda, upande wa kulia, ilikuwa imelowa, na tone la rangi ya chai lilikuwa linaning'inia. Nikaugusa ukuta pale, nikabonyeza kidogo tu, kidole gumba kikazama mpaka kwenye kiungo. Mbao za ndani zilikuwa mkate uliochovywa kwenye chai. Verna akaketi kitandani.

"Ningesaini jana," akasema. "Ningefika nalo kwa Tess, na mtoto mchanga..." Akashindwa kumaliza, akalia. Mimi nilisimama na kidole changu kichafu, sikujua pa kukiweka.

Garland alikuwa mlangoni. Hakumtazama Verna wala mimi, alikuwa anatazama ile karatasi.

"Bev alikuwa analala upande huo," akasema. Bev ni marehemu mkewe. "Alikuwa ananiambia mto wake una unyevunyevu. Miaka miwili ananiambia. Nikawa namwambia, unaota wewe, mbona wangu mkavu. Akawa anaugeuza tu mto, analala."

Garland akashuka ngazi taratibu, akaenda zake kwenye kiti chake, akaketi akitazama milima.

Jioni ile nilimwambia Verna alikimbie gari lile. Nilimwambia mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Asubuhi nikamkuta ameketi nje ya hema na daftari la shule na penseli.

"Nimefikiri," akasema. "Gari jingine la bei hii litakuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa huo sitaujua. Huu nimeshaujua. Sasa niambie bei ya kuutibu, na usinipigie kelele."

Haya. Nikakaa. Nikamwambia paa na pembe ile kwa fundi wa gereji ni dola elfu saba. Mimi nikifanya, na majirani wakinisaidia, vifaa ni elfu moja na mia nne. Kisha nikamzungusha kwenye matairi, maana hapo nilikuwa na hamu ya kulipiza kisasi cha kicheko cha jana. Mpira ulikuwa mnene, kashata zake za kushika barabara hazijalika.

"Haya ni mapya," akasema.

"Soma hapa ubavuni. Tarakimu nne. Mbili wiki, mbili mwaka wa kutengenezwa."

Akainama, akasoma. Yalikuwa na miaka tisa. Gari-nyumba hukaa limeegeshwa, matairi yake huzeeka bila kulika, halafu siku moja hupasuka ukiwa barabara kuu.

"Dereva wa miaka thelathini na mmoja!" nikasema.

"Ya mabasi yetu yalikuwa yanalika kabla ya kuzeeka. Sikuwahi kusoma tarehe." Akaandika: matairi sita, elfu mbili na mia moja. Akaandika mipira ya breki na mafuta yake, mia sita, bila mimi kumwambia. Betri mbili za upande wa nyumba, mia nne. Friji ya gesi ilikuwa imekufa, elfu moja na mia nane. Hapo akasita, akachora mstari chini yake.

"Friji itasubiri. Nina boksi la barafu. Jenereta pia isubiri, kwa Tess umeme upo." Akajumlisha yale yasiyosubiri: elfu nne na mia tano. "Na juu yake?"

"Theluthi," nikasema. "Ya yale usiyoyaona. Ukifungua ukuta, haujawahi kuwa mzima kama ulivyodhani."

Akaandika elfu sita. Kisha akaenda kwa Garland, nami nyuma yake kama mjumbe wa harusi asiyealikwa.

"Bwana Garland," akasema, "nakupa elfu kumi na tano. Nimekata paa tu, kwa bei ya gereji. Matairi na mengine sikukati, hayo hata wewe ungeyanunua."

Mimi nilitaka kupasuka. Kwa elfu kumi na mbili angelipata, yule mtu hakuwa na nguvu ya kubishana! Garland akamtazama.

"Utapatengeneza? Pale nyuma?"

"Ndipo nitakapoanzia."

"Basi lichukue," akasema Garland.

Nilimgombeza njia yote ya kurudi. Akanijibu kwamba hamkati mtu zaidi ya hapo kwa jambo ambalo hakulificha, na kwamba nikiendelea kumkaripia atanihamishia kiti cha mbele, karibu na dereva, kama mtoto mtundu. Nikacheka, nikajilaumu kwa kucheka.

Halafu ikaja habari ya malipo yangu. Nikasema sitaki kitu. Akasema yeye hapandi basi la bure. Sasa, kwetu wakati wa baridi kila mtu anavuka mpaka kwenda Mexico kutengeneza meno, maana huko ni rahisi, lakini wengi wetu macho yamechoka na barabara tunaiogopa. Verna akatangaza: kila Jumanne na Alhamisi, kigari chake, watu wanne, hadi mpakani na kurudi. Kila aliyebeba ubao au kukamata ngazi akapata kiti. Meno haya ninayotafunia mahindi leo ni ya paa lile.

Kazi ilichukua wiki tano. Tulipoifungua ile pembe, uozo ulikuwa umetambaa mpaka chini ya dirisha, mkono mzima zaidi ya nilivyokadiria, na nilimwangalia Verna nikidhani atalia tena. Akafungua daftari tu. "Ndiyo maana tuliweka theluthi," akaniambia mimi, mwalimu wake. Theluthi yenyewe ikaliwa karibu yote. Zilibaki dola mia na themanini.

Mwishoni mwa Machi tukalinyeshea tena. Safari hii sikumwita mtu, walikuja na madumu wenyewe, na Twyla akaleta na la kahawa. Verna alilala kitandani upande wa kulia, uso juu, nami nikamwaga pale pale mpaka maji yakaisha, na uso wake haukupata tone. Garland hakuja kutazama. Alikuwa anaishi kwenye kitrela kidogo alichonunua, mita mia kutoka pale, na mlango wake ulikuwa umefungwa.

Aprili Verna akaondoka. Alipiga honi kama basi la shule, kila mlango mara moja. Mei tukapata picha ya mtoto wa kike, amekunja uso kama bibi yake alipokuwa akinusa kijiti cha oili.

Novemba tulikuwa tumesharudi changaraweni. Mimi na Garland tulikuwa tunakunywa kahawa nje, jua kali, vumbi, simu yangu ikalia.

"Orrin," akasema Verna, "ngoja." Kisha sikusikia maneno. Nilisikia mvua. Ilikuwa nzito, ya kupiga paa kwa ngumi, na ndani yake mtoto alikuwa anacheka.

"Siku ya sita leo," akasema. "Niko kitandani na mjukuu wangu, yeye yuko upande ule wa kulia. Garland yupo hapo? Mpe simu."

Nikampa. Garland akaiweka sikioni, akasikiliza muda mrefu, sijui alikuwa anaambiwa nini au alikuwa anasikiliza mvua tu. Mwishoni akasema "asante" mara mbili, akanirudishia simu, akafuta macho kwa mkono wa shati bila kujificha.

"Amegusa mto," akaniambia. "Mkavu."