Pango Nililolichora Kabla ya Kuliona

Kila nikipita njia ya Rejaf, mwanangu, hunijia siku ile niliyomdanganya Mzee Lado, nikacheka peke yangu hadi watu wakanigeukia. Keti nikusimulie.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Bungoma kuja Juba kupaka rangi mabango ya maduka. Mzee Lado naye alikuwa mchoraji, ila yeye alichora mapango. Watu waliyajua kwa nje tu. Yeye ndiye wa kwanza kutambaa hadi ndani kabisa, kandili mkononi, kamba kiunoni. Alikuwa akitoka mweupe kwa vumbi, anafungua daftari, na humo unaona kuta, popo na vijia, vyote kwa penseli. Kiswahili chake alikipata ukimbizini Uganda.

Alipoona mabango yangu akasema, "Wewe iko na mkono mzuri. Kuja tuchore pamoja."

Basi tukaenda kwenye pango moja lililo kando ya njia hiyo ya Rejaf, nje ya Juba. Nyuma ya chumba cha kwanza cha pango palikuwa na upenyo mwembamba ambao hakuna aliyewahi kuupita. Goti la mzee lilikuwa limevimba, akanituma mimi. Niliingia mpaka kiunoni, mwamba ukanibana kifua, nikaishiwa ujasiri. Nililala pale pale, nikachora ukumbi wa kubuni: sakafu pana kama ya kanisa, na ziwa dogo katikati. Kisha nikarudi kinyumenyume.

Mzee aliutazama mchoro, akasahau goti lake, akacheza! Na mimi, badala ya kusema kweli, nikacheza naye.

Jumapili iliyofuata akaileta kwaya nzima ya kanisa lake. Alitaka waimbe ndani ya ukumbi wangu. Msichana mmoja, Poni, mwenye sauti nzuri kuliko wote, akajitolea kutangulia. Nilitazama visigino vyake vikipotea kwenye upenyo. Halafu nikapiga kelele:

"Poni, simama! Sijafika huko! Nilidanganya!"

Tukasikia jiwe likidondoka, likigonga, likigonga tena, mbali sana chini.

"Hakuna sakafu huku," akasema Poni, taratibu. "Nivuteni miguu."

Tulimvuta. Alipotoka alijikung'uta vumbi, akanipa mgongo. Mzee Lado alikaa chini.

"Karibu nizike mtoto wa watu," akaniambia. Kisha akanifungulia daftari lake. "Soma. Hapa nimeandika: niliogopa, nikarudi. Na hapa. Na hapa tena. Mimi iko naogopa kila siku, ya walad, kijana wangu. Hiyo siyo aibu. Mtu akijua mahali uliishia, ataanza hapo vizuri."

Kisha akanifunga kamba yake kiunoni, wanakwaya wanne wakaishika, akanionyesha upenyo. Safari hii nilipita. Nililala ukingoni mwa shimo, nikainua macho, na kumbe juu kulikuwa na ufa! Jua lilishuka kama shuka iliyoanikwa, na mbayuwayu wengi walikuwa wakiruka ndani yake. Ziwa langu la uongo lilikuwa takataka kando ya hayo. Nilichora huku nikicheka, na kila nilichokiona nikakitaja kwa sauti ili walio nyuma wasikie. Wakaanza kuimba huko huko chumba cha kwanza. Sauti ya Poni ilinifikia, ikazunguka shimoni pamoja na ndege.

Alinisamehe baada ya wiki tatu. Baada ya mwaka akakubali kuolewa nami. Ndiyo, mwanangu, ni huyo mama yako unayemsikia akiimba jikoni sasa hivi.

Kwa hiyo nisikilize. Usimwonyeshe mtu njia ambayo hujaipita. Ukiogopa, sema umeogopa. Ukiishia katikati, sema umeishia katikati. Na ukigundua umedanganya, piga kelele mapema, hata mbele ya kwaya nzima.

Mungu akufungulie mahali pembamba, akupe watu wa kukushikia kamba, na huko ndani akuonyeshe uzuri ambao mimi na mama yako hatukuuota.