Jina Lililokatwa kwa Rula

Jina la binti yangu lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, mstari umenyooshwa kwa rula. Mkuu wa shule aligeuza daftari ili nilione vizuri.

"Mama, kiti chake cha fizikia nimempa mwingine. Hapa kwetu msichana asiporipoti mapema Januari tunajua ameshaolewa."

"Kaolewa na nani, mwalimu? Huyu hapa mlangoni, na sare kavaa."

"Basi akasome sanaa."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilijua kilichokatwa pale. Fundi wa ndege wa pale kazini kwangu alikuwa ameshaniambia: bila fizikia, chuo cha ufundi wa ndege hakimpokei mtu, hata awe na akili ya malaika.

Nirudi nyuma. Nimezaliwa Matongo, huko Tarime. Nilikeketwa Desemba, na kabla mahindi hayajakomaa nikawa mke wa mtu. Ng'ombe waliingia zizini kwetu, mimi nikatoka. Wahusika nawataja: baba mzazi aliyewapokea ng'ombe, shangazi aliyenishika miguu, mume aliyenivunja mkono. Mkono ulipopona nilimbeba binti mgongoni, nikaenda Robanda, kijiji kando ya hifadhi ya wanyama, nikapata kibarua kwenye uwanja wa ndege wa changarawe. Kazi yangu mpaka leo ni kufukuza nyumbu. Ndege ndogo za watalii haziwezi kutua nyumbu wakiwa wamelala njiani. Napita na filimbi na fimbo, halafu nasema kwenye redio: "Uwanja mweupe."

Binti alikulia pale, akimsumbua fundi. "Mafuta yote hayo yako ndani ya bawa, mbona halivunjiki?"

"We mtoto, nani kakutuma?" Fundi alicheka, lakini alimjibu, akamshikisha na spana.

Alipomaliza kidato cha pili, ikafika Desemba ya kukeketa. Baba yake mkubwa akaja na bodaboda kutoka Tarime. "Shemeji, msagane huyu atatuletea laana. Nimekuja kumchukua." Msagane ndilo tusi letu kwa msichana asiyekeketwa.

"Sawa shemeji. Kunywa uji kwanza."

Alikunywa vikombe viwili. Cha pili kilipoisha, binti alikuwa kwenye bodaboda nyingine, anakaribia Mugumu, kwenye nyumba ya kuwahifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa. Hawakumruhusu kutoka mpaka ukoo wa baba yake uje kuandika ahadi ya kutomgusa, na ukoo ulivutavuta mpaka Januari ikavuka nusu. Kuchelewa kule ndiko kulikomwokoa. Mkuu wa shule akakusoma kuchelewa huko kama harusi. Hakuuliza mtu.

Sanaa niliikataa. Nilimpeleka shule nyingine, upande wa Manchira. Mwalimu wa fizikia akasema, "Mama, viti vimejaa. Labda aje na chake."

Kesho yake tulifika na kiti cha plastiki, kile cha abiria kusubiria ndege, tumekifunga nyuma ya bodaboda. Msimamizi wa uwanja nilimwomba ruhusa baadaye. Darasa zima lilicheka. "Abiria huyo kafika!" Binti akakaa, akafungua daftari.

Mwalimu yule aliuliza kiti kimetoka wapi. Alipojua, akaomba awe analeta wanafunzi uwanjani Jumamosi. Fundi akawafundisha injini. Mimi, wa darasa la nne, nikawafundisha kusoma soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka, na kumwita rubani kwenye redio. Shule nyingine zikasikia, mpaka za Tarime. Mwalimu akaandika njia yote kwenye karatasi ya manila, kuanzia kidato cha kwanza: masomo gani, chuo gani, kazi gani mwisho wake. Nakala zake zikabandikwa madarasani, ili mtoto ajue fizikia ni mlango kabla hajafungiwa. Sasa watoto wetu wa Jumamosi wako chuoni Dar es Salaam, na mmoja wao katoka Matongo, kijiji kilichonitoa mimi kwa ng'ombe.

Kiangazi kilichopita gurudumu la ndege liliingia kwenye shimo la ngiri. Kampuni yenye ndege ikatuma fundi wake kwa ndege nyingine. Nilifukuza nyumbu, nikasema uwanja mweupe. Ikatua, mlango ukafunguka, akashuka binti yangu, chuo kashamaliza, na ovaroli na sanduku la vifaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na shimo hilo usinilaumu, mimi ni wa nyumbu tu, ngiri simo."

Alilala chini ya ndege iliyoharibika, akiitengeneza mpaka mchana. Ilipopaa, nilipuliza filimbi peke yangu kama mwendawazimu.

Juzi mkuu wa shule yule, ambaye siku hizi ni ofisa elimu, alisimama mbele ya wazazi akamwita binti yangu "tunda la kazi yetu". Niliinuka.

"Mwalimu, binti yangu alikuwa na mama mkaidi na kiti cha plastiki. Daftari la Januari ile bado lipo. Lifungue hapa. Tusomee majina yote uliyoyakata kwa rula, kisha utuambie wasichana hao wako wapi."

Alisema muda umekwisha. Haujakwisha. Nasubiri jibu.